Mwalimu, nitoe hela ya ziara au nisitoe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nipo hapa Chumbageni nna duka la vipuri vya pikipiki. Binti yangu yupo kidato cha pili, kaja na barua ya shule wanataka elfu 20 ya ziara ya Amboni na Tongoni. Sasa mwalimu Amboni si hapo tu, mi mwenyewe nimezaliwa Tanga sijawahi kuingia hilo pango na maisha yanaenda. Mwaka juzi kaka yake alipelekwa Mikumi nikalipa hela ndefu, kurudi namuuliza umejifunza nini ananionyesha picha kwenye simu, kajipiga yeye na wenzake. Hii si kula hela za wazazi tu? Baba wa binti, Chumbageni.

JIBU: Marahaba baba, pole na majukumu. Hasira yako naielewa na kwa sehemu kubwa uko sahihi, kupakia watoto kwenye kosta alfajiri na kuwashusha usiku wamechoka wameshiba chipsi hiyo ni pikniki wala sio somo. Ila kosa sio la ziara yenyewe, kosa ni kwamba kijana wako aliondoka hana swali hata moja kichwani na hakuna aliyempa. Nimefundisha jografia mjini hapa miaka mingi na hili nalisimamia mpaka leo, mtoto apande gari na swali lake, akienda mikono mitupu atarudi na hizo picha.

Sa binti yako anaenda kuona nini. Amboni, kama kilomita 8 kutoka mjini ukishika barabara ya Horohoro, ni mawe ya chokaa yaliyojijenga chini ya bahari kama miaka milioni 150 iliyopita. Kitabuni anasoma kwamba maji ya mvua yanabeba hewa ya ukaa yanakuwa asidi dhaifu, yanaingia kwenye nyufa yanayeyusha jiwe taratibu mpaka linakuwa pango. Anakariri, anaandika, anapata maksi, mwezi ukiisha kasahau ipi ni stalaktiti na ipi ni stalagmiti. Akisimama mle ndani na tochi akaona stalaktiti inaning'inia darini na stalagmiti inainuka kutoka chini, akapitisha macho kwenye ukuta uliolainishwa na maji, akasikia popo wanavuma juu ya kichwa chake, hilo halisahau tena hata akizeeka. Nawajua watu wazima wenye wajukuu sasa hivi, tukikutana sokoni Ngamiani bado wananitajia lile pango.

Na nimefurahi sana shule imeunganisha Amboni na Tongoni siku moja, aliyepanga hivyo ana akili. Tongoni iko kama kilomita 17 kusini, barabara ya Pangani, pale pana magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya wazee wetu wa karne nyingi nyuma. Ule msikiti umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Sasa jiwe la Amboni na jiwe la Tongoni ukimuuliza mtu wa kemia atakwambia ni kitu kimoja, kalisiamu kaboneti, la kwanza maji yamelitoboa, la pili binadamu kalichonga akajengea, na mengine akayachoma tanuuni hewa ya ukaa ikatoka akabaki na chokaa ya moto, akaimwagia maji ikachemka, akapata chokaa ya kupakia ukuta ambao umesimama mpaka leo. Jografia, kemia na historia ndani ya jiwe moja, baba, na vyote viko humu humu mkoani kwetu!

Tena mwambie binti aangalie zile nguzo vizuri, ataona vishimo, humo ndo mlikuwa mnapachikwa mabakuli na sahani za Kichina. Ajiulize sahani ya China imefikaje Tongoni, na watu wa hapo walikuwa na nini cha kubadilishana. Halafu ageuke atazame baharini. Januari 1499 Vasco da Gama akirudi kutoka India aliichoma moto merikebu yake moja, São Rafael, kwenye mafungu ya bahari ya upande huo huo, kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu, wengi walishakufa kwa kiseyeye. Kiseyeye ni kukosa vitamini C, yaani walikufa kwa kukosa matunda. Mpe mwanao chungwa la Muheza kwenye mfuko, alimenye palepale Tongoni anatazama bahari. Somo la baiolojia hilo.

Kwahiyo hela toa, ila kwanza mpigie mwalimu wake umuulize watoto wamepewa kazi gani ya kufanya huko. Akikujibu vizuri umemaliza. Akibabaika usimfungie mtoto, mwombe huyo mwalimu asome barua inayofuata hapa chini. Na wewe mwenyewe baba, nenda nao. Umezaliwa Tanga hujaingia Amboni, mbele ya binti yako itapendeza sana mkiingia wote.

SWALI: Mwalimu shikamoo, mimi ni mwalimu mwenzio kijana nafundisha shule ya kata huku Muheza, darasa moja nna watoto 45. Nikitaja ziara naambiwa hayo ni mambo ya shule za binafsi, wazazi wetu hela hawana. Na nikipata gari sijui nianzie wapi, naogopa hata kupoteza mtoto. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza bila gari. Watoto wako wengi wanapita kando ya mashamba ya mkonge wakienda shule, wanauona kama majani tu. Wape hadithi yake, mwaka 1893 Mjerumani anaitwa Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, asili yake Mexico, mingi ikafa njiani ikafika hai 62 tu, na hiyo 62 ndo ikazaa mkonge wote uliokuja kuifanya Tanganyika itajwe duniani. Watembeze kwa miguu mpaka shambani, omba ruhusa kwa msimamizi mapema, kila kundi la watoto watano liwe na swali lake, mmoja apime urefu wa jani, mwingine aulize jani linakatwa mara ngapi kwa mwaka, mwingine aongee na mkataji mwenyewe kuhusu kazi yake na malipo yake. Jioni wako makwao na hakuna aliyetoa hata shilingi.

Siku ukipata gari, wiki moja kabla leta kipande cha tumbawe darasani, kamulia ndimu mbele yao, watoto wauone ule povu. Wakishauona, Amboni utakuwa unawapeleka watu wanaojua wanachokitafuta. Wewe nenda mwenyewe kwanza bila watoto, ujue choo kiko wapi, kiingilio cha wanafunzi shilingi ngapi, wapi panateleza, wapi pa kuinama. Barua za ruhusa za wazazi zirudi zimesainiwa, na uliza nani ana pumu maana mle ndani kuna kinyesi cha popo na hewa nzito. Viatu vya kufunga, sio kandambili. Kuhesabu watoto ni kila mnapopanda na kila mnaposhuka, na usihesabu vichwa tu, kila mtoto awe na mwenzake anayemjibia, mmoja akikosekana mwenzake anapiga kelele saa hiyo hiyo. Chakula watoke nacho nyumbani. Sehemu mbili kwa siku zinatosha, mkienda Tongoni mnapita Machui alikozikwa Shaaban Robert, simameni robo saa mtoto mmoja asome shairi kwa sauti, basi.

Na yule asiye na hela kabisa usimwache shuleni akifagia. Nimewahi kuona watoto sita wanaachwa getini wanatazama gari linaondoka, shule siitaji, ila zile sura ninazo mpaka leo. Bora mwende karibu wote kuliko mbali nusu.

SWALI: Mwalimu ni kweli pango la Amboni linatokea Mombasa? Bibi anasema zamani mbwa aliingia huku akatokea kule. Niko kidato cha kwanza, tunaenda mwezi ujao.

JIBU: Mwanangu hiyo hadithi hata mimi nimelelewa nayo, msikilize bibi na uiandike kama alivyokusimulia maana nayo ni mali. Ila mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki walichunguza mapango 10 ya eneo lile, refu kuliko yote lilikuwa mita 900. Kwenda Mombasa hata ungenyoosha mstari kwenye ramani ni zaidi ya kilomita 100. Sasa wewe kazi yako ni hii, kabla ya kwenda pima hatua yako moja ni sentimita ngapi, mkiingia hesabu hatua kuanzia mlangoni mpaka muongozaji atakapowaambia mwisho ni hapa, zidisha. Ukirudi mpelekee bibi hiyo namba, muulize anasemaje, halafu niandikie alivyokujibu.