Huioni M109 kwenye darubini ya inchi 6?

Ndugu yangu wa Arusha, umeuliza kwa nini huioni galaksi ya M109 kwa darubini yako ya inchi 6. Kama unaona mng'ao wa nyota tu, darubini yako haina kasoro. Galaksi hiyo iko umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 80, na nyota inayoonekana kando yake, Phecda ya kundi la nyota la Dubu Mkubwa, inaifunika kwa mwanga. Weka Phecda katikati, kisha sogeza darubini mashariki na kusini kidogo, zaidi kidogo ya upana wa Mwezi mpevu, hadi nyota hiyo itoke nje ya eneo unaloliona. Usiikodolee macho, tazama kando kidogo, utaona ukungu hafifu. Ufito wa nyota ulio katikati ya galaksi na mikono yake iliyojipinda ni kazi ya kamera.

Usingoje masika. Februari, saa nane usiku, Dubu Mkubwa huwa juu zaidi kaskazini. Zima simu nusu saa kabla, macho yazoee giza. Kioo cha darubini kikiwa na vumbi usikifute kwa kitambaa, kitachubuka. Mpelekee fundi anayezijua darubini.