Maswali na majibu: Usaili wa wahadhiri kwenye chumba cha hoteli

Vyuo vikikosa chumba kitulivu, au vikitaka kukutana na waombaji wa Pwani karibu na kwao, hukodi hoteli. Barua za safari hii zimetoka pande zote mbili za meza.

*Nimeitwa usaili wa uhadhiri kwenye hoteli moja ya Malindi. Barua imetaja nambari ya chumba tu, ghorofa ya pili. Mume wangu hataki niende, nami kazi naitaka. — Dada wa Maweni*

Shemeji ana haki ya kuuliza, na wewe pia, tena umtangulie. Piga simu ofisi ya msajili kwa nambari uliyoitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya chuo, si hiyo iliyo kwenye barua. Matapeli nao wanajua kubandika nembo. Uliza nani na nani wako kwenye jopo, chumba kina sebule iliyojitenga na kitanda au la, na nani atakupokea pale mapokezi. Jopo safi hujibu hayo kwa dakika mbili. Wakianza kukuuliza mbona una wasiwasi, basi wasiwasi wako una msingi.

Siku yenyewe usipande peke yako hata ukiambiwa "njoo tu, mlango uko wazi". Aje mtu wa chuo akuchukue. Ukiingia ukamkuta mtu mmoja, mwambie utangoja chini hadi wenzake wafike, kisha ushuke. Hujamvunjia mtu heshima. Mumeo akitaka kukusindikiza na aje, akae mapokezi anywe soda. Asipande nawe, kwani kazi hamkuomba wawili. Na wakitaja ada ya usaili, ondokeni.

*Nina nyumba ya wageni Mkomani. Chuo kimeikodi siku mbili kihoji wahadhiri, na wanataka chumba cha ndani kabisa kwa sababu kina kiyoyozi. Niwape? — Mwenye nyumba, Lamu*

Usiwape. Wewe unaijua nyumba yako kuliko wao. Nyumba zetu za mawe zina mpango wake: daka la kuketi mlangoni, kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kisha misana, zile kumbi ndefu, na ndani kwa wenyewe. Mgeni hakuwa akipitishwa mpaka penye kitanda, na waliojenga walikuwa na akili zao. Jopo likae msanani. Mwanga unatoka kiwandani, na feni mbili za kusimama zitawatosha.

Ila msana ni mrefu na mwembamba, kwa kuwa upana wake ulipimwa na boriti za mikoko. Ukiwapanga watu sita safu moja na mwombaji mbele yao, magoti yatagusana. Weka meza kwa urefu wa chumba, wao wakae upande wa ukuta, mwombaji upande wa kiwanda, na njia ya kutokea iwe nyuma yake bila mtu kuiziba. Kiti chake kiwe sawa na vyao. Nimeona majopo yakikalia viti vya mbao na kumpa mwombaji kochi la kuzama, akabaki kuwatazama kwa chini kama mtoto wa madrasa aliyeshikwa na kosa.

Pa kungojea, najua utafikiria daka. Usifikirie. Dakani kila apitaye hutoa salamu na kuuliza habari, na huenda mwombaji huyo bado ameajiriwa kwingine na hajamwambia mtu. Kabla ya alasiri mtaa mzima wa Langoni utakuwa unajua. Angoje kiwandani, na baina ya mmoja na mwingine pawe na robo saa ili wasipishane mlangoni.

Halafu ngazi. Zile za kupanda orofani zina mwinuko mkali, na mwenye mkongojo hawezi kuambiwa siku ile ile kwamba jopo liko juu. Msajili aulize mapema, na akipatikana hata mmoja, wote wahojiwe chini. Akumbuke pia kwamba watokao mbali watashukia Manda kwa ndege au Mokowe kwa basi, kisha wapande boti. Usaili wa saa mbili asubuhi unamtaka mtu awe amelala Lamu, na kulala ni pesa.

*Mwenzetu kwenye jopo, mzee wa heshima, baada ya pilau alijinyoosha kwenye kitanda cha chumba cha pili, mlango wazi, nasi tunaendelea kuhoji. — Mwanajopo, Malindi*

Mara nyingine fungeni chumba hicho, ufunguo ukae mapokezi. Mzee akihitaji kulala akodiwe chake. Na asitoe alama kwa majibu ambayo hakuyasikia.

*Nimemaliza uzamifu wa fasihi na naomba kazi Marekani. Mwalimu wangu alihojiwa hotelini kwenye mkutano mkubwa wa mwisho wa mwaka. Nianze kutafuta nauli? — Kijana wa Barani*

Nauli yako iweke. Mwalimu alikwambia kweli ya wakati wake. Chama cha Modern Language Association, cha wasomi wa lugha na fasihi huko, kilikuwa kikikutana baina ya Krismasi na mwaka mpya, na idara zilikodi vyumba kwenye hoteli za mkutano kuhoji waombaji mmoja baada ya mwingine. Wenye fedha walichukua chumba chenye sebule. Wasio nazo walihojia penye kitanda, na mtu akakalia kitanda hicho. Mkutano ulihamia Januari kuanzia 2011, lakini mtindo uliendelea. Kwangu mimi dhuluma kubwa haikuwa kitanda. Ilikuwa mwanafunzi asiye na kazi kujilipia ndege na malazi kwa ajili ya nusu saa.

Simu za video zilianza kuutafuna mtindo huo, korona ikaumaliza. Mkutano wa wachumi wa Januari 2021, ambao kwa miaka ulikuwa soko lao la usaili, ulifanyika kwa intaneti. Siku hizi mara nyingi unahojiwa kwanza kwenye skrini, na ukipita ndipo chuo hukualika kwa gharama yake. Wewe kaza macho kwenye saa: saa nane mchana ya Boston ni saa tatu usiku Malindi wakati wao wa joto, na saa nne usiku wakati wao wa baridi. Uwe na bando kwenye laini ya pili.

*Navaa nikabu na sitoi mkono kwa wanaume. Jopo ni wanaume wanne na mama mmoja. Watanikata alama? — Binti wa Langoni*

Weka mkono kifuani, toa salamu kwa sauti ya kusikika, basi. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza ubaguzi wa dini, na imetaja mavazi waziwazi. Imetaja pia ndoa na ujauzito. Kwa hiyo ukiulizwa kama mume atakuruhusu kuhamia Kilifi, jibu: "Nimeomba nikijua kazi iko Kilifi." Kisha unyamaze; zamu ni yao.

*Wakiweka chai na mahamri mezani, nile? — Mwenye njaa, Muyeye*

Chai unywe. Mahamri yaache mpaka umalize, kwa sababu watakuomba vyeti na vidole vitakuwa na mafuta. Ukiambiwa ufungiwe mawili ya njiani, chukua.