Barua kwa mwanangu: hatua ya 7

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza mbona Caro-Kann, ufunguzi wa weusi katika sataranji, umeikariri hadi hatua ya 12 na bado unashindwa mapema. Nilipomaliza kusoma barua yako nilipanga kete mezani, nikaurudia mchezo mmoja: Garry Kasparov na kompyuta Deep Blue, New York, tarehe 11 Mei 1997, mchezo wa 6 na wa mwisho. Bingwa wa dunia alishika weusi, akacheza Caro-Kann hiyo hiyo yako, akashindwa katika hatua 19. Kompyuta ikachukua pambano kwa 3.5 dhidi ya 2.5.

Simama kwenye hatua ya 7. Farasi mweupe yuko mraba wa g5 (herufi ni safu, namba ni mstari), macho yake e6. Ilivyozoeleka, askofu mweusi wa f8 hutoka kwanza, akaenda d6, ndipo askari anasogea h6 kumfukuza farasi. Kasparov alitanguliza h6. Basi. Farasi hakukimbia, alimla askari wa e6. Malkia mweusi akaenda e7, farasi akaliwa hatua iliyofuata, na hapo hapo askofu mweupe akatua g6 kumtishia mfalme.

Mtazame mfalme huyo vizuri. f7 kuna moto. e7 amesimama malkia wake mwenyewe. f8 yupo askofu ambaye hakutoka. Kumebaki d8 tu, na huko ndiko alikokwenda. Askofu yule aliondoka f8 hatua ya 18! Mweupe alipocheza ya 19 Kasparov akasalimu amri, na ngome zake zote mbili hazikuwa zimesogea hata mraba mmoja. Kila nikifika hapo naumia, kwa kuwa hakuna kete iliyokosea njia, ila moja ilitangulia nyingine.

Wewe umeshika hatua, mwanangu, hujashika sababu zake. Mpinzani akibadili mpangilio kidogo, ulichokariri hakikusemeshi tena.

Jumamosi panga kete hadi hatua ya 7 ya mweupe, bila kompyuta. Cheza weusi kwa h6 mara moja, kisha rudisha nyuma, umtoe askofu kwanza. Kila mara mtafutie mfalme mweusi pa kukimbilia, kwa kidole, mraba kwa mraba. Uniandikie ulichokiona kabla hujagusa hatua ya 8.

Mama yako