Jaza Maji Kwanza: Nilivyoziba Hodhi la Karavani Yangu Mara Tatu

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mbarara aliniandikia: "Dada, nimenunua karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, ila maji yanapita kando ya hodhi la kuogea. Niambie silikoni gani ni nzuri." Ujumbe uliingia nikiwa nimepiga magoti bafuni, tochi mkononi, nikikagua mshono wangu wa silikoni, ile gundi laini ya kuzibia kati ya hodhi na ukuta, baada ya safari ya kwenda Sipi na kurudi Jinja. Mshono mzima. Hakuna ufa, hakuna doa jeusi, na plaiwudi ya chini ilikuwa kavu kabisa. Nilifurahi hadi nikamwita mwanangu aje aone. Kwa hiyo, dada, jibu lako litakuwa refu, maana mimi nililipata kwa machozi.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnaijua karavani yangu. Ni ya Kimarekani, niliuziwa na mgeni aliyekuwa anahama nchi. Mlango wake uko upande wa kulia. Hapa kwetu Uganda, ambako tunaendesha kushoto, ukiiegesha kando ya barabara abiria anashukia kwenye magari. Umeme wake ni wa volti 120, wetu ni 240. Yote hayo niliyapatia dawa. Kilichonitoa jasho ni pengo la upana wa penseli kati ya hodhi na ukuta.

Fundi wa kwanza aliziba kwa sementi nyeupe. Ilipendeza, nikamlipa, nikampa na chai. Sementi inafaa nyumba iliyosimama, lakini karavani ni nyumba inayotikiswa kila kilomita. Safari moja tu ya barabara yenye mashimo, sementi ikakatika vipande vipande kama biskuti. Nilipompigia simu aliniambia barabara ndiyo mbaya.

Mara ya pili nikajifanyia mwenyewe. Nilinunua silikoni dukani, nikaipaka juu ya ile ya zamani iliyokuwa imebaki pembeni, nikalainisha kwa kidole, nikapiga picha. Mliisifu sana picha ile. Sikujua kwamba silikoni mpya haishikani na silikoni kuukuu. Kwa miezi mitatu maji yalipenya chini taratibu huku juu kunang'aa.

Kisha wakaja maharusi kutoka Nairobi, wageni walionikodi karavani. Usiku wa pili bwana harusi alikanyaga mbele ya hodhi, sakafu ikabonyea, mguu ukazama hadi kwenye kifundo. Hakuumia, namshukuru Mungu. Niliwarudishia fedha zao zote, nikawatafutia chumba hoteli usiku uleule. Asubuhi shemeji yangu alisimama mbele ya vijana wa kazi akasema, "Nilimwambia mapema, mambo ya ufundi si ya wanawake." Ni miaka miwili sasa. Tunakula naye Idi, tunacheka, lakini neno lile bado liko hapa kifuani.

Nilibandua sakafu mwenyewe. Plaiwudi ilikuwa imeoza, unaichota kwa mkono kama mboji. Hapo chini ndipo nilipoona kosa lenyewe. Hodhi la karavani ni plastiki nyembamba, na langu lilikuwa limekalia fremu ya mbao pembezoni tu, katikati hamna kitu. Mtu akiingia, linashuka. Akitoka, linapanda. Kila anayeoga anauvuta ule mshono, na wewe uliuziba hodhi likiwa tupu, limepanda juu. Silikoni ikikauka hivyo, uzito wa kwanza unaichana.

Basi sikilizeni: jazeni maji kwanza. Nilikaza vipande vya mbao chini ya hodhi ili lisicheze, sakafu mpya ikawekwa, kisha nikamimina jerikani nne za lita 20. Hizo ni kilo 80, karibu sawa na mtu mzima. Hodhi likatulia mahali linapotulia mtu anapooga, pengo likafunguka kadiri linavyoweza. Hapo ndipo unapoziba. Maji yanabaki humo mpaka silikoni ikauke, hata kama mtoto analia anataka kuoga.

Kabla ya hapo nilikwangua silikoni ya zamani yote kwa wembe, kila uzi, nikafuta kwa spiriti, nikaacha pakauke. Kazi ya kuchosha, haihitaji niisimulie. Kwa kuwa pengo langu lilizidi milimita 6, nilisukumiza ndani kamba ya sponji kwanza. Kamba hiyo inaizuia silikoni isimezwe na shimo, na inaifanya ishike pande mbili tu, hodhi na ukuta. Ikishika na kule nyuma, inakosa nafasi ya kunyumbuka na inapasuka. Halafu tepi juu na chini, silikoni ya bafu yenye dawa ya ukungu, unalainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni, na tepi unaibandua kabla haijaanza kukauka.

Mtaniuliza kuhusu mvua. Silikoni hukauka kwa kuchukua unyevu wa hewani, kwa hiyo msimu wa mvua hapa kwetu kando ya Nile hauiharibii kitu, mradi pale unapopaka pawe pakavu. Kwa kawaida hukauka milimita 2 hadi 3 kwa siku, kuanzia nje kwenda ndani. Mimi nilisubiri siku tatu. Ile yenye harufu kali ya siki hula chuma na shaba, kwa hiyo karibu na skrubu za mabati tafuta isiyo na harufu hiyo.

Dada yangu, umeniuliza jina la silikoni, nami nakuambia jina si tatizo lako. Tatizo letu wengi ni pupa. Tunataka karavani iwe na wageni Jumamosi hii, tunataka picha leo, kisha tunamlaumu fundi, barabara, hata Mungu. Nimekulia Walukuba, mama yangu alituogesha watoto sita kwa beseni moja, na beseni lile halikuvuja hata siku moja kwa sababu alilitunza. Ukitaka biashara hii, na najua unaitaka, piga magoti, shika tochi, tazama chini ya hodhi lako kwa macho yako. Usimsubiri mwanamume akuambie kuna nini. Jaza maji, usubiri. Nasema tena, jaza maji, usubiri.

Maji hayo uyatoe kabla ya kuivuta karavani, maana kilo 80 zinazochapa huku na huko njiani zitaung'oa mshono wako mpya.

Kabla hujanunua chochote, nitumie picha ya pengo, weka sarafu kando yake nione upana. Nipigie na picha ya chini, pale kwenye fremu, kama unaweza kupafikia. Nitakujibu usiku, kwa sababu Ijumaa tunaelekea Murchison na bado sijafunga mizigo.