Usahili wa mfumo endeshi utaujua stima ikipotea

Ndugu, umeuliza kama Unix, mfumo endeshi wa zamani (yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta), ilishinda kwa usahili wake, na kama uiwekee shule ya Faza mfumo mdogo kuliko yote unaoupata. Nitakujibu kwa yaliyonifika dukani kwangu, Langoni, Lamu, ninakotengeneza kompyuta na kuwachapia watu kazi zao.

Kisa cha Unix husimuliwa nusu. Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya Marekani, walijitoa mwaka 1969 kwenye mradi wa Multics, mfumo endeshi mkubwa waliokuwa wakiuunda na wenzao. Ulikuwa umewachosha kwa ukubwa na gharama, na mtafiti wao Ken Thompson akaandika mfumo mdogo, ndio uliokuja kuitwa Unix, kwenye kompyuta ya PDP-7. Hiyo ni kweli. Lakini Multics haikufa. Ilikamilishwa, ikauzwa, na mashine yake ya mwisho ilizimwa Kanada mwaka 2000. Na baadhi ya mambo ambayo Unix iliyaacha nje mwanzoni, kama kulisoma faili kana kwamba ni sehemu ya kumbukumbu, yalirudi baadaye kwa mlango wa nyuma.

Mimi nilipofungua duka nilikuwa mtu wa usahili kabisa. Diski ya faili za wateja niliiundia ext2, mfumo wa faili (namna ya kuzipanga faili kwenye diski) wa mwaka 1993, kwa kuwa niliweza kuuchora wote kwenye karatasi moja. Niliupenda kwa dhati. Ikaingia kusi, stima ikawa inapotea hata mara tatu kwa siku. Kila ikirudi, mashine haijui ilikatizwa ikiandika wapi, kwa hiyo inaikagua diski nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Asubuhi moja wateja wamejaa mpaka barazani, wanafunzi wanataka fomu zao, na kijana wangu ananiambia, "Mjomba, bado inahesabu." Nusu saa nzima. Ilipofunguka, barua ya mzee mmoja ilikuwa vipande visivyo na jina.

Usiku ule nilihamia ext3. Sikufomati chochote, kwani ext3 ni ext2 ileile iliyoongezewa daftari: mfumo unaandika kwanza badiliko unalokusudia, ndipo unalifanya. Stima ikirudi, unasoma kurasa za mwisho za daftari na kuendelea, ni sekunde chache tu. Umechangamana zaidi, naam. Lakini ule usahili wa ext2 haukuwa umeliondoa tatizo la stima. Ulikuwa umenitwika mimi, na yule mzee.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaokilaani kwa unene kiini cha Linux, mfumo endeshi uliofuata nyayo za Unix. Mwaka 1991 kilikuwa na mistari ya programu kama 10,000, leo kimepita milioni 30, na sehemu kubwa ni viendeshi, yaani programu za kuongea na kila aina ya kifaa. Nikitazama printa na modemu za kila namna ninazoletewa kutoka Shela na Matondoni, naona unene huo umetoka wapi.

Ninaoupinga ni uchangamano usiombebea mtu mzigo wowote. Niliwahi kuletewa mashine ya ofisi moja isiyowaka. Siku mbili nilihangaika nayo, kumbe huduma moja, programu inayojiendesha yenyewe chinichini, inasubiri mtandao, na mtandao unaisubiri huduma hiyohiyo. Niliuliza ile huduma ni ya nini. Hakuna aliyejua. Niliizima, mashine ikawaka.

Na usahili wa kweli upo, tena mtamu. Bomba la kuunganisha programu, wazo la Doug McIlroy wa Bell Labs lililoingia Unix mwaka 1973, nalitumia kila mwisho wa mwezi kuhesabu kurasa nilizochapa: programu moja inachuja, ya pili inapanga, ya tatu inahesabu. Hesabu isipokaa sawa, nalikata bomba katikati nitazame kinachopita.

Kwa mashine yako ya Faza, basi, chukua mfumo wenye daftari, hata kama ni mnene. Zima kila huduma usiyoweza kueleza kazi yake. Kisha, kabla mtoto yeyote hajaigusa, ichomoe waya wa stima mara tatu ikiwa katikati ya kuandika, uone inaamkaje.