Msomaji Auliza: Tuuze kiwanja ili mtoto wetu aseme?

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Uyole, Mbeya. Mwanangu wa kwanza ana miaka minne na miezi miwili. Hasemi, ila hurudia matangazo ya redio kama kasuku. Haitiki akiitwa, anaweza kuzungusha kifuniko cha sufuria saa nzima, na chakula chake ni ugali, ndizi za kuchemsha, mayai na maziwa, basi. Mwaka jana daktari alituambia kuwa ana usonji, akaandika hivyo kwenye daftari lake, nasi tukarudi nyumbani bila kuelezwa kesho yake tufanye nini. Tangu siku hiyo kila mtu ana dawa yake. Shemeji yangu ameleta habari za kliniki moja jijini Dar es Salaam inayotoa dripu 12 za kuondoa sumu ya madini mwilini kwa shilingi 4,800,000, na mume wangu ameanza kutafuta mteja wa kiwanja chetu cha Inyala. Mama mkwe anataka apelekwe kwenye maombi ya siku 40. Mwalimu wa chekechea anasema tuache kumsemesha Kinyakyusa, kwa kuwa lugha mbili ndizo zilizomchanganya. Tena kuna kijikaratasi nilichopewa kinachosema nimwondolee ngano na maziwa. Tuanze na lipi? Na tukiuza kiwanja, atasema?
Mama wa Uyole

JIBU: Marahaba, mama. Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu mteja wa kiwanja anaweza kutokea kabla gazeti hili halijakufikia: msiuze. Dawa inayowekwa katika dripu za namna hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye kweli ameingiwa na madini ya risasi au mengine ya jinsi hiyo, na kazi yake ni kuyanasa katika damu ili yatoke kwa mkojo. Baadhi ya dawa hizo hunasa hata kalsiamu, ambayo moyo hauwezi kupiga bila kuwa nayo. Mwaka 2005, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, mtoto wa miaka mitano mwenye usonji alifariki baada ya kupewa dripu ya aina hiyo, kalsiamu yake ikashuka na moyo ukasimama. Hakuna utafiti wa kuaminika ulioonyesha kwamba dripu hizo humsaidia mtoto mwenye usonji, wala usonji si sumu iliyoingia mwilini ikabaki kusubiri kutolewa. Ni namna ubongo ulivyojijenga tangu mapema sana, na urithi una sehemu kubwa katika jambo hilo.

Najua shemeji atasema kwamba wapo wazazi walioshuhudia kwa macho yao. Sidhani kuwa wanasema uongo, na ndiyo maana nataka nikusimulie habari ya sekretini. Hiyo ni homoni ambayo madaktari huitumia kupimia kazi ya kongosho. Mwaka 1998 zilitangazwa habari za watoto watatu wenye usonji waliochangamka baada ya kupewa homoni hiyo, na wazazi wa Marekani wakaanza kuitafuta kwa udi na uvumba. Mwaka 1999 watafiti wakachukua watoto 60, nusu wakachomwa sekretini na nusu wakachomwa maji ya chumvi, bila wazazi kujua nani amepata kipi. Watoto wa pande zote mbili walionekana kupata nafuu kwa kiwango kinacholingana. Wazazi walipoelezwa matokeo, karibu saba katika kila kumi walisema bado wangependa watoto wao waendelee kupewa sekretini. Siwacheki hata kidogo. Mtoto wa miaka minne hubadilika kila mwezi, apewe dawa au asipewe, na mzazi aliyetoa fedha nyingi humtazama mwanawe kwa makini kuliko alivyomtazama juzi; basi neno moja jipya likitoka, sifa yote huenda kwenye dripu.

Kwa hiyo nunua daftari la kurasa 48. Kabla hujajaribu kitu chochote kipya, hata kile nitakachokushauri mimi, andika kwa wiki mbili mambo machache yanayohesabika: ameamka mara ngapi usiku, amelia kwa hasira mara ngapi, amekushika mkono kukuonyesha anachotaka mara ngapi. Kisha badilisha jambo moja tu, ulipe miezi miwili au mitatu, na uendelee kuandika. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja hutajua lipi limeleta nini. Na yeyote anayekuuzia tiba muulize swali hili mbele ya mume wako: ni nini kitakachotuonyesha kwamba imeshindwa, na baada ya muda gani? Anayejibu kwamba haishindwi, au kwamba ikishindwa basi mlichelewa, mwacheni na dripu zake.

Sasa, la kuanzia ni masikio. Mtoto asiyeitika huenda ana usonji na papo hapo hasikii vizuri, na barua yako haitaji kipimo cha usikivu. Ombeni rufaa na mkaulizie katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mbeya. Mweleze daktari pia kama amewahi kupata degedege au huwa anaduwaa ghafla kwa sekunde kadhaa asisikie wala asione, kwa maana kifafa huonekana zaidi kwa watoto wenye usonji kuliko kwa watoto wengine, na kifafa kina dawa. Mtoto asiyesema hana njia ya kukwambia kwamba jino linamuuma au kwamba amefunga choo siku tano. Nimeona familia zikihangaika na kile kilichoitwa ukorofi, kumbe ni jino.

Linalobaki ndilo kubwa, nalo liko nyumbani kwako. Wataalamu wa matamshi na lugha ni wachache sana nchini, na hata ukimpata mmoja atakaa na mwanao saa moja kwa wiki, ilhali wewe unakaa naye siku nzima. Anza na kile kifuniko. Usimnyang'anye. Kaa chini mbele yake ukiwa na kifuniko chako, zungusha naye, nyamaza, ngoja akutazame. Siku ya kwanza huenda asikutazame kabisa, na hilo nalo liandike. Akishazoea kwamba umo katika mchezo wake, simamisha chako na useme neno moja, "zungusha", halafu ngoja tena. Kwenye chakula fanya vivyo hivyo: maziwa yawe mahali anapoyaona lakini hayafikii, uhesabu hadi kumi moyoni, na akikuvuta mkono au akitupa jicho tu, sema "maziwa" na umpe papo hapo. Usimzuilie kikombe mpaka atamke, kwa kuwa unachotaka ajifunze kwanza ni kwamba kumgeukia mtu kunaleta matokeo.

Piga kwa simu picha za kikombe chake, ndizi, ndoo ya kuogea, mlango wa nje na kitanda, uzisafishe kwenye duka la picha Mwanjelwa, uzigandishe kwenye vipande vya boksi. Mpe kila picha pamoja na kitu chenyewe, mpaka siku aichukue mwenyewe akuletee. Kuna watu watakwambia kwamba picha zitamfanya mvivu wa kusema. Watoto wengi wamefuatiliwa katika jambo hilo, na picha hazikuonekana kuzuia usemi. Wapo ambao ziliwafungulia njia. Atasema? Wengi wasiosema katika umri wake huja kusema maneno au sentensi, wengine hawasemi. Sitakupa ahadi ambayo hata mwenye dripu hana haki ya kukupa. Hata yale matangazo ya redio usiyadharau: kama husema tangazo la sabuni kila anapoona maji, huenda hilo ndilo neno lake la kuoga. Sikiliza analisema lini.

Mwalimu wa chekechea ana nia njema, lakini amekosea. Watoto wenye usonji wanaokua katika lugha mbili hawajaonekana kuchelewa zaidi ya wenzao wa lugha moja. Bibi anayeambiwa aache Kinyakyusa ataishia kunyamaza mbele ya mjukuu wake, na mtoto huyu anahitaji watu wengi zaidi wa kumsemesha. Mwalimu huyohuyo ndiye utakayemhitaji siku ya kumwandikisha shuleni, basi msigombane. Mpe nakala za zile picha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mwanao haki ya kusoma, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye mtu wa kumwendea mkikataliwa.

Kuhusu kijikaratasi, nimecheka kidogo, samahani. Kimeandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi kwa mkate. Mahindi, mchele, ndizi na viazi havina gluteni, yaani ile protini ya ngano wanayoikwepa, na kwa orodha uliyonipa mwanao hali ngano hata chembe. Maziwa ni jambo jingine: ushahidi kwamba kuyaondoa hupunguza usonji ni dhaifu, na mtoto wa vyakula vinne ukimwondolea kimoja umembakizia vitatu. Mwachie, isipokuwa daktari amegundua kwamba maziwa yanamdhuru.

Maombi ni ya familia yenu na mimi simo. Ninachoomba ni kwamba mtoto asifungishwe kula, asipigwe kwa jina la kutoa pepo, na kama atapewa dawa ya kifafa, isikatishwe hata siku moja kwa sababu mtu ametangaza kuwa amepona, maana kuikata ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokoma. Halafu kuna jambo ambalo hukuuliza: Uyole ni njia panda ya malori, na watoto hawa huondoka nyumbani bila kuaga. Komeo la juu, ambalo watu wazima wanalifikia, lina thamani kuliko dripu zote 12.

SWALI: Mwanangu mkubwa ana usonji. Mdogo wake ana miezi minane, na mke wangu anasema hatampa chanjo ya surua kwa sababu ndiyo iliyomharibu kaka yake. Nimwambie nini?
Baba, Mafinga

JIBU: Mwambie hofu hiyo ilitoka wapi. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet la Uingereza makala iliyoihusisha chanjo ya surua na usonji, kwa habari za watoto 12 tu. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala hiyo, na mwaka huohuo Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari wa nchi hiyo kwa mwenendo usiofaa. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya watoto zaidi ya 650,000: waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Kinachomchanganya mama ni kalenda. Hapa kwetu chanjo ya surua na rubela hutolewa katika mwezi wa 9 na wa 18, na dalili za usonji nazo huanza kuonekana wazi katika kipindi hichohicho. Mwezi ujao mpeleke kliniki na kadi yake, wewe mwenyewe ukiwepo, na umweleze muuguzi kwamba kaka yake ana usonji, kwa kuwa uwezekano wa mdogo kuwa nao ni mkubwa kuliko wa mtoto mwingine. Akitimiza mwaka bila kugeuka anapoitwa, au mwaka na nusu bila kukuonyesha kitu kwa kidole, msisubiri afike miaka minne.