Besdei ya sayari kwa kijana wa miaka saba

Dadangu, umesema kijana afunga miaka saba, ataka besdei ya sayari na pesa ni kidogo, basi usihangaike na keki ya bei. Nunua baluni nane, kubwa kabisa iwe Mshtarii, inayofuata kwa ukubwa iwe Zohali, uikatie pete ya kadibodi, Dunia ndogo tu, alafu watoto wazipange wenyewe kuanzia jua. Kaimati zikishaingia shira zang'aa kama nyota, na mabuyu mekundu ndo mawe ya Mirihi, hapo watapagawa. Chagua siku mwezi uko, muanze saa kumi, giza liwakute darini (penye ukuta lakini!). Na waambie setilaiti iitwayo Uhuru, ya kuchunguza anga, ilirushwa kutoka baharini hapo Malindi, 12 Disemba 1970, mi hiyo naisema kwa fahari wallahi.